Mikono Kwenye Bango la Sabuni

Shuleni
3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba jua linatosha kukausha mashuka. Hapa mvua inanyesha kila asubuhi, nami kila ikinyesha nakufikiria wewe na kamba zako. Kikohozi changu kimekwisha.

Nina swali, na ninaliweka mapema kwa sababu mwalimu wetu wa lugha hapendi barua zinazozunguka.

Wiki iliyopita watu wa kampuni ya sabuni walikuja kubandika bango kubwa ndani ya bwalo, juu ya dirisha la kupokelea chakula. Shule imepewa katoni za sabuni, nasi wanafunzi tumepewa bango. Upande wa juu yuko mwanamke anayecheka, nywele zake zimepangwa kama anakwenda harusini. Chini yake kuna mikono miwili ndani ya povu, inakamua shuka jeupe. Ina bangili na kucha nyekundu. Maneno yaliyoandikwa ni haya: MIKONO YA MAMA, UPENDO USIOCHUJA.

Baba, ile mikono ni yako.

Usicheke kwanza. Shuka limezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kidole gumba kimelibana, na mkono wa kulia peke yake ndio unaosokota. Watu wengine wote hukamua kwa mikono miwili, kila mmoja ukienda upande wake. Uliwahi kuniambia ulijifundisha mwenyewe, kwa kuwa mashuka ya nyumba ya wageni ni mazito na dobi huna mtu wa kukushikia ncha ya pili. Nilikuwa kwenye foleni na sahani yangu, nikasimama ghafla, foleni nzima ikanigonga mgongoni. Mpishi akaniambia, "Binti, bango halishibishi, sogea!"

Nimemwambia rafiki yangu mmoja tu, yule tunayemwita Redio. Akacheka papo hapo, akasema, "Ati mikono ya mama ni ya baba yako? Basi na hicho kicheko ni cha babu yako!"

Ni wewe? Na kama ni wewe, mbona hukutuambia?

Binti yako,
Kibanio


Nyumbani
14 Februari

Kibanio wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kando ya pasi, ikabidi niiweke chini haraka maana kola ya mteja ilianza kunukia.

Mikono duniani ni mingi, mwanangu, na kukamua ni kukamua tu. Labda kuna dobi mwingine mahali fulani naye hana wa kumshikia ncha. Wewe wakati wa kula, kula. Ukuta uachie ukuta.

Hapa kazi ipo. Nyumba ya wageni wamenunua mashuka mapya, mazito kama mazulia. Mama yako yuko safarini na lori, amebeba saruji, akirudi nitampa salamu zako. Ila hizo habari za bango usimwandikie. Si kwamba kuna jambo. Basi tu.

Vaa sweta. Usimwazime mtu sweta lako hata akikulilia.

Baba yako


Shuleni
20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulipoandika "si kwamba kuna jambo" ndipo nilipojua jambo lipo. Mtu asiye na jambo huandika ukurasa mzima juu ya mashuka, wala hasemi kwamba hana jambo.

Nakwambia kwa nini siwezi kuuachia ukuta. Juzi tulichelewa kumaliza kula, matroni akatuonyesha bango kwa mwiko akasema, "Litazameni vizuri, wasichana. Hayo ndiyo maisha yenu ya mbele." Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Sichukii kufua, unajua napenda harufu ya shuka lililokauka. Ila niliwaza kwamba aliyenifundisha kufua ni wewe, na aliyenifundisha kubadilisha tairi la baiskeli ni mama, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuniambia maisha yangu ya mbele yameshachorwa.

Sasa mwalimu wa lugha ametupa insha. Kila mmoja achague tangazo moja na ajibu: tangazo hili linazungumza na nani, na linamtaka awe nani? Itakayopendeza itasomwa siku ya wazazi, mbele ya watu wote. Nataka kuandika juu ya bango lako, lakini siandiki neno bila ruhusa yako.

Redio anasema mwanamume anayefua ama hajaoa ama anatumikia adhabu. Nilimuuliza marinda ya sketi yake ya likizo yalipigwa pasi na nani mjini. Akanyamaza. Kwa Redio, kunyamaza ni ugonjwa.

Unaona haya, baba?

Kibanio


Nyumbani
1 Machi

Kibanio,

Haya. Umenibana, na jina nilikupa mwenyewe.

Ni mimi.

Watu wa picha walikuja kibandani kwangu wiki uliyorudi shule, kwa sababu, walisema, kamba zangu zina mwanga mzuri. Walikuja na yule dada wa kwenye bango. Mtu mzuri tu, alikuwa kazini kama mimi. Kucha zake zilikuwa za kubandika. Ya kwanza ilidondoka ndani ya beseni, tukaitafuta wote. Ya pili ikadondoka. Halafu shuka likimshinda nguvu, linarudi majini na kuwarushia povu wote. Nikasema, "Dada, zungusha mkononi hivi." Nikaonyesha. Mpiga picha akapiga kelele, "Hapohapo, mzee! Usisogee!"

Wakaninyoa mikono, Kibanio. Kwa wembe, mpaka kwenye viwiko. Yule dada akanipaka rangi ya kucha, amenishika vidole kama mtoto anayekatwa kucha, huku akinituliza, "Pole baba, tunamaliza sasa hivi." Wakanivisha bangili mbili, zikagoma kutoka. Walipoondoka nilikuwa bado nazo. Zilitoka baadaye kwa sabuni, nikaziweka ndani ya kopo la vibanio ili wakirudi niwape.

Nilimuuliza mkubwa wao, "Kwa nini msinipige picha nikiwa mzima, na uso wangu?" Akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Mzee, nani atanunua sabuni? Wakiona mwanamume anafua, watafikiri mkewe kamkimbia."

Aibu siioni, mwanangu. Nimesomesha mtoto kwa mikono hii. Ninachoogopa ni kingine. Unajua madereva wenzake wanavyomwita mama yako Mama Gia, na utani wao kila siku: mume dobi, mke dereva, nani huko kwenu anavaa kanga? Anawacheka, lakini nimemwona akifika nyumbani ameinamisha kichwa. Sasa wakijua kwamba mumewe ndiye "mama" wa kwenye bango, na bangili juu, watampa nafasi ya kupumua?

Niahidi hutamwambia. Insha andika juu ya tangazo jingine. Andika lile la tairi la kwenye kalenda ya gereji, "Tairi la mwanamume kamili", ambalo mama yako aliligeuza likatazama ukuta.

Baba


Kwa mama mkubwa
12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Usishtuke kuona barua imetoka kwa dada yangu. Kwa sasa nikishuka kwenye lori ndipo ninapofikia.

Sikutaka kukuandikia haya, lakini siku ya wazazi inakaribia na utaniona sikuja na baba yako. Nitakuja siku nyingine, peke yangu. Wewe ni msichana mkubwa, nitakwambia ukweli na ubaki nao mwenyewe.

Niliporudi safari ya Januari nilimkuta baba yako amenyoa mikono. Mikono, mwanangu! Nikauliza, akasema ni joto. Miaka yote hii joto lilikuwa wapi? Kwenye ukucha wa kidole kidogo nikaona wekundu. Akasema ni madoa ya nguo ya mteja. Nikaondoka safari nyingine na swali langu. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua kibanio nianike soksi zangu, nikakuta bangili mbili za kike ndani ya kopo, chini kabisa. Nilimwonyesha. Akasema, "Si zangu." Kana kwamba nilidhani ni zake!

Sikupiga kelele. Nilichukua mfuko wangu.

Nakwambia kinachoniuma. Pale kituo cha mafuta ninapojaza kila safari wamebandika bango la sabuni. Kuna mikono ya mwanamke inafua, laini, inang'aa, haina hata kovu. Kila nikisimama pale naitazama, kisha natazama yangu kwenye usukani: grisi ndani ya mistari, sugu za gia. Nilijisemea, labda amechoka kushikwa na mikono kama ya fundi. Labda amepata wa mikono kama ile. Na mwanamume anayepata wa mikono kama ile, nitamlaumuje?

Soma kwa bidii. Usiwaze sana juu yetu.

Mama yako


Shuleni
17 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama. Ukipata barua hii asubuhi, mwambie asubuhi hiyohiyo.

Anafikiri bangili ni za mwanamke mwingine. Anafikiri umenyoa kwa ajili yake. Ameliona bango, baba, analiona kila safari, na hajakutambua. Ameionea wivu mikono yako! Anasema yake ina grisi, na kwamba wewe umetafuta laini. Yule bwana wa picha alisema watu watafikiri mkeo kakukimbia. Sasa amekukimbia kweli, na ni kwa sababu ya picha yake yeye.

Ulinificha mimi, nikakupata kwa sababu nilikutazama ukifua tangu nikiwa na kimo cha beseni. Mama huondoka kabla hujaanza na hurudi nguo zikiwa zimekauka. Ataijuaje mikono yako ikiwa kazini?

Ulitaka ahadi, nikaishika, na sijasema. Lakini ahadi hii siwezi kuishika tena. Naomba uniachilie.

Kibanio


Nyumbani
23 Machi

Kibanio wangu,

Nilifunga kibanda nikaenda kwa mama yako mkubwa. Nilibisha hodi. Akatokea yeye, amesimama katikati ya mlango kama kabati. Akasema mdogo wake yuko safarini. Nikaona bora niseme kweli hapohapo. Nikasema, "Shemeji, zile bangili nilizivaa mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. Akasema, "Wewe? Basi ni mabaya kuliko tulivyodhani." Akafunga mlango.

Nimecheka njia nzima, halafu nilipofika nyumbani nikaona sufuria moja, kikombe kimoja, kicheko kikakatika. Sijui kulala upande mmoja wa kitanda, mwanangu. Nimemtaka mama yako asichekwe na madereva, na badala yake nimemliza mimi. Wao hawajawahi kumliza.

Nikimwandikia atadhani nimetunga. Mwambie wewe. Nimekuachilia.

Baba


Shuleni
29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari ni salama na breki hazilii tena.

Baba ameniruhusu kukwambia jambo, lakini sitakwambia kwa maneno matupu. Wewe ulinifundisha kwamba injini haiaminiwi kwa kuambiwa, mtu hufungua boneti akaitazama. Basi nakuomba, ukifika pale kituo cha mafuta, usitazame bango kutoka kwenye usukani. Shuka. Nenda karibu kabisa. Usitazame ulaini wa ngozi wala kucha, hivyo walivitengeneza kwa wembe na rangi. Tazama kazi. Tazama shuka limezungushwa wapi, linabanwa na nini, na mkono upi unasokota. Kisha kumbuka ni nani ulimwona hata mara moja akikamua ovaroli lako namna hiyo.

Bangili ni za watu wa picha. Alizificha, na akanikataza kukwambia, ili madereva wenzako wasipate la kukucheka. Alikosea, lakini alikosea akiwa upande wako.

Na jambo moja langu mwenyewe. Mikono yako siibadilishi na ya bango lolote. Nilipokuwa na homa ndiyo iliyonishika.

Mwanao,
Kibanio


Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Unaona nimeandika wapi.

Nilisimamisha lori kituoni, nikashuka, nikaenda mpaka chini ya bango, shingo nimeikunja kama kuku anayekunywa maji. Nilitazama ulivyosema. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona kidole gumba. Na nikamwona mwanamume wangu siku ile bomba la mafuta lilipopasuka, nikaja nyumbani mweusi tititi, naye akakaa uani akikamua ovaroli huku akiimba vibaya. Sikumtazama vizuri siku ile. Nilikuwa nimechoka, nikapita.

Nilianza kucheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Muuza mafuta akaniuliza, "Mama Gia, sabuni imekuingia machoni?" Nikamwambia, "Yule pale ni mume wangu." Akamtafuta mwanamume kwenye picha, akazunguka bango mpaka nyuma. "Yuko wapi?" Nikasema, "Mikono, hiyo mikono!" Madereva wakasogea. Wakacheka, eh, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mama Gia, nyinyi kwenu mama ni nani?" Nikamjibu, "Wewe cheka, lakini ovaroli lako likivuliwa linasimama lenyewe kwa uchafu." Wakamgeukia yeye. Mwenzake mmoja akanifuata pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini dobi wetu yuko mtaa gani.

Hayo ndiyo baba yako aliyaogopa. Nimemwambia: mimi nashuka milima na tani za saruji mgongoni, halafu unadhani nitavunjwa na kicheko? Hilo limeniudhi kuliko bangili. Na limenipendeza pia, sijui niseme nini.

Mengine ni ya watu wazima.

Baba yako anasema insha andika, usome mbele ya watu, na utaje kwamba walimnyoa. Tutakuja wote wawili.

Mama yako


Shuleni
3 Mei

Baba na mama wapendwa,

Shikamooni. Natumaini mlifika salama, na kwamba mama hakumwacha baba ashike usukani kama alivyoahidi kwa utani.

Mwalimu amesema insha yangu ina makosa ya nukta lakini haina kosa la moyo. Nilipofika kwenye wembe wazazi walicheka sana, nikaogopa kumtazama baba. Nilipomtazama alikuwa anacheka kuliko wote. Nilipofika kwenye maneno ya yule bwana, "watafikiri mkewe kamkimbia", hakucheka mtu. Akina baba wengine walitazama viatu vyao. Nilikuwa nimeandika kwamba tangazo lile linazungumza na mama, na linamtaka awe na mikono ambayo hakuna mama aliye nayo, kwa kuwa ni ya baba. Na kwamba linamtaka baba asiwepo, ingawa kazi aliifanya yeye. Sikujua kama itaeleweka. Nadhani ilieleweka.

Nakumbuka zaidi mlipoingia bwaloni. Wenzangu walijipanga kulinganisha, naye baba akaitia mikono mfukoni, mpaka mama alipoutoa mmoja akauinua juu, kama mwamuzi anavyomwinua bondia mkono. Ulikuwa na vinyweleo vyake vyote. Chini yake ulikuwa mkono wa mama, na grisi yake.

Bango bado lipo, na maneno ni yaleyale. Matroni alisema kampuni ndiyo yenye ruhusa ya kuliondoa. Lakini jana, tulipochelewa tena kumaliza kula, alilitazama, akatutazama, kisha akatuambia tu tuoshe sahani.

Redio hakusema kitu tangu mlipoondoka. Nilidhani anaumwa. Jana jioni tulikuwa tunaanika soksi, akaniambia kwamba kwao mama yake ana mgongo mbovu tangu zamani, na baba yake ndiye anayefua nguo zao zote. Anafulia ndani, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, na nguo mama yake ndiye anayetoka kuzianika ili majirani waone ni yeye. Redio na wadogo zake walikatazwa kusema. Ndiyo maana alicheka siku ile ya kwanza, alisema, alicheka haraka ili mtu asimwone usoni.

Ameniuliza kama baba unaweza kumwandikia baba yake. Si barua ya kumfundisha kitu. Ya salamu tu, dobi kwa mtu anayefua. Nimemwambia nadhani utaandika.

Anwani yao nimeiweka nyuma ya bahasha hii.

Binti yenu,
Kibanio